Neno la Punda

Punda alikuwa keshajamba mara mbili, na sote tuko ukurasa wa tatu, Bi Rahila alipoingia. Watoto wamelala chali mkekani, wanacheka mpaka kamasi zinawatoka, nami nimevimbisha mashavu kuutafuta ule mlio wa tatu.

"Mwalimu Shemsa! Unasoma nini?"

"Shikamoo, Bi Rahila. Nnasoma kitabu."

Hakuitikia marahaba. Ndiye mwenye chekechea yetu ya Mkunazini, na kwenye mdomo wake halijapata kupita neno chafu. Alikitazama kitabu: punda kapakiwa magunia ya karafuu kutoka Kizimbani, mkia juu, na nyuma yake watu wa Darajani wamefumba macho wanavuta harufu nzuri, hawajui imechanganyika na nini. Picha yenyewe ukiiona tu unacheka. Yeye, wapi!

"Toba! Watoto wa watu waje kufundishwa adabu, wewe unawafundisha haya?"

"Neno hili hawakufundishwa, Bi. Wamekuja nalo."

"Utasema 'alipumua kwa nyuma'. Hutaki, kazi basi."

Miaka miwili imepita na bado nikikumbuka damu inanichemka. Nilipoanza kazi pale, kitabu kwa watoto wale kilikuwa kitu cha kuchapiwa ukikichana. Walikuwa hawakigusi. Punda yule ndiye aliyewaleta, wakawa wanagombania nani akae karibu na picha, na sasa nafundishwa kumziba!

Siku ya pili akakaa nyuma ya darasa kunisikiliza. Nikasoma alivyotaka: "Punda akapumua kwa nyuma." Ulfat, mjukuu wake mwenyewe, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, kwani punda ana pua na huko nyuma?"

Hakuna aliyecheka. Walitaka kujua kweli. Wakasogea wote, wakaanza kuitafuta hiyo pua kwenye picha. Nikamtazama Bi Rahila, naye akatazama dirishani.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Nikaurudia ukurasa ule ule, nikajaza pumzi. "Punda akajamba!" Na mlio nikautoa, mrefu, wa punda aliyeshiba pumba.

Adhuhuri haijaadhiniwa nshafukuzwa, niko njiani na kitabu changu kwapani. Nililia mpaka nyumbani Kajificheni, sitajifanya shujaa. Lakini alasiri ile ile nikatandika mkeka barazani kwetu, nikasoma kwa sauti ya kusikika vichochoro vyote. Anayekerwa na akerwe! Wakaja wawili, wakaja wengine, baraza ikajaa. Mpaka leo nasoma pale, bila ya mshahara na bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Wiki iliyopita Ulfat alikuja anamvuta bibi yake kwa buibui. Bi Rahila akasimama kando na mkoba wake wa sokoni, uso kaugeuzia ukutani. Mimi huyo, nikasoma mpaka ukurasa wa tatu.

"Punda..."

Nikanyamaza, nikamtazama. Sikuwa na nia ya kumsaidia. Watoto nao wakageuka kumtazama, na Ulfat kajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Bi Rahila akauhamisha mkoba, mkono huu kwenda mkono huu.

"Akajamba," alisema. "Haya soma, mwanangu, jua linakuchwa."