Mwanafalsafa wa Chumba cha Kufulia

"Hilo jina litaenea?" muuguzi mkuu aliuliza kutoka chini ya ngazi.

Fundi wa mabango, juu ya ngazi, aliendelea kupima. Alikuwa na mazoea ya kupima mstari wa jina kabla ya maneno yenyewe, kwa sababu mteja husamehe herufi ikibanana, lakini jina la mkubwa likipinda hasamehi. Uzi wa chaki ulikuwa umeshapigwa kwenye ukuta wa wodi, ukaacha mstari mweupe. Juu ya mstari yangekaa maneno ambayo mji mzima uliyajua: "Tandika kitanda cha mwenzako kana kwamba utakilalia wewe." Chini yake, Mwanafalsafa wa Kale.

Shida ni kwamba huyo Mwanafalsafa wa Kale alizaliwa kwenye brashi ya fundi mwenyewe, miaka ishirini iliyopita, katika bango la nyumba ya wageni. Mwenye nyumba aliyapenda maneno, ila akataka kujua aliyasema nani. Fundi, kijana bado, aliona haya kusema ni ya mama yake mdogo, mfuaji wa hospitali. Akazua mwanafalsafa. Tangu hapo maneno yakapanda kwenye kalenda, vikombe na hotuba za mahafali. Mheshimiwa mmoja alifika hata kudai amesoma kitabu kizima cha huyo mzee.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya mama mdogo kazini. Saa kumi jioni angevua aproni na kuikabidhi. Ndiye aliyemlea fundi, akamlisha, akamnunulia brashi ya kwanza. Hakuweza kumwandika mtu wa uongo kwenye ukuta wa wodi hii.

Akashuka ngazi.

"Sista, huyo mwanafalsafa hayupo. Nilimtunga mimi."

Muuguzi mkuu alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano. "Nimewafundisha wanafunzi maneno haya miaka tisa. Nimewaambia alikuwa na ndevu."

"Ndevu sikumpa mimi."

"Basi ni ya nani?"

"Ya mama yangu mdogo. Yuko chini anapiga pasi."

"Kamwite. Lakini wodi inazinduliwa kesho, sitaki nafasi tupu ukutani."

Chumba cha kufulia kilijaa mvuke na harufu ya sabuni. Mama mdogo alimsikiliza huku akikunja shuka.

"Nilikuonea haya, mama. Nisamehe."

"Lile bango nililiona wiki ile ile," alisema. "Nilicheka mpaka nikaketi chini."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Maneno hayakuwa yangu." Alimrushia ncha mbili za shuka, naye akazidaka kama alivyozoeshwa tangu utotoni. "Dada ndiye aliyeniingiza kazi hapa. Siku ya kwanza nikatandika kitanda ovyo ovyo. Akalivuta shuka lote, akaniambia hivyo. Mama yako. Wewe ulikuwa mgongoni kwake, umelala."

Fundi hakuwa na kitu chochote cha mama aliyemzaa. Alikufa kabla yeye hajajua kusema. Hakuacha hata picha. Kumbe miaka yote hii alikuwa akiandika sauti yake mji mzima.

"Hukuwahi kuniambia."

"Nilidhani unajua. Kila asubuhi ulipotandika kitanda chako nilikuambia maneno yale. Nilifikiri nilisema pia ni ya nani."

Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. "Asante, mama. Asante sana."

"Vuta shuka, linagusa sakafu."

Wakapanda pamoja. Fundi alifuta chaki kwa kitambaa chenye maji, mama mdogo akashika ncha ya uzi, wakapiga mstari mpya, mrefu zaidi. Chini ya maneno akaandika: Dada wawili wa chumba cha kufulia.

Muuguzi mkuu alisoma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. "Wanafunzi nitawaambia nini kuhusu ndevu?"

"Waambie alinyoa," mama mdogo akasema.

Saa kumi ilikuwa imepita, na aproni bado ilikuwa kiunoni mwake. Tone la rangi lilikuwa limedondokea kitanda kilicho karibu na ngazi. Alilitoa shuka lile, akatikisa jingine safi, akamrushia fundi ncha mbili. Wakatandika polepole, kila mmoja upande wake, na juu yao herufi zilikuwa bado mbichi.