Nusu ya Paa

Mlima ulipotapika mara ya pili, mtaa haukutaharuki sana. Safari ya kwanza watu walikimbia na magodoro kichwani. Safari hii walifunga madirisha, wakafunika maji, kisha wakaenda kwa mshonaji kutaka barakoa. Akawashonea kwa mabaki ya mapazia. Mteja mmoja alirudisha yake kwa kuwa haikuendana na gauni, na muda wote aliolalamika majivu yalikuwa yakimwangukia kichwani.

Mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti akihimiza kila nyumba ifagie paa kabla ya mvua, maana majivu yakilowa huwa mazito kama zege. Nyumba zote zikafagiwa isipokuwa ya mshonaji.

Hakuna aliyemgombeza. Mwaka uliopita mumewe alipanda kufagia, akafika nusu, akateleza. Walipotoka kumzika mvua ilinyesha, na majivu ya nusu iliyobaki yakaganda. Shemeji zake walitaka kumalizia kazi, mjane akawazuia mlangoni. Alisema hataki mtu mwingine aanguke. Hilo lilikuwa kweli, ila si kweli yote. Akisimama barabarani aliuona mstari pale ufagio ulipoishia, kana kwamba mwenyewe kashuka kunywa maji na atarudi.

Sasa majivu mapya yalikuwa yamelalia ya zamani. Boriti iliyo juu ya cherehani ilikuwa imepinda na kuanza kulia, na wingu lilikuwa zito tangu asubuhi.

Wifi yake, dada wa marehemu, mpishi wa shule, akaja na kamba begani. Aliitazama boriti, akavuta kiti mbali nayo, akaketi.

"Wifi, utashona na paa mapajani?"

Mshonaji akajibu kuwa hapandi mtu.

"Panda wewe. Mimi nikipanda, mlima utaona wivu."

Tangu msiba ule mtaa ulikuwa umejifunza. Kamba huvushwa juu ya mgongo wa paa. Anayefagia hufungwa kiunoni, na upande wa pili mtu mzito huketi chini akiwa amefungwa ncha nyingine. Wanene waliotaniwa miaka yote sasa waliazimwa kama ngazi. Wifi ndiye aliyeazimwa kuliko wote, na hakuketi popote bila kuahidiwa chai.

Mshonaji alibandika sufuria jikoni, akafungwa, akapanda.

Majivu mapya yalitoka kama unga. Alipofika kwenye mstari ufagio ukagoma. Alikuwa na jembe dogo mkononi, lakini hakulinyanyua. Kutoka upande wa pili wifi akauliza kama amelala.

"Nimefika alipoishia."

Kamba ikakaza kidogo kiunoni.

"Kaka yangu hakuwahi kumaliza kazi," sauti ya wifi ikasema. "Kitanda changu alikipigilia misumari miguu mitatu, wa nne akasema kesho. Malizia, wifi. Nimekushika."

Akapiga jembe. Mapande yakaanguka uani moja baada ya jingine, yakivunjika kama vigae. Alipiga mpaka mabati yote yakaonekana, na paa likawa paa kama la wengine.

Mvua ilimwagika kabla chai haijachemka. Boriti haikulia tena. Lakini tone moja likaangukia cherehani, na la pili likafuata. Palikuwa na matundu ya misumari ambayo marehemu aliahidi kuyaziba, na kumbe majivu yaliyoganda ndiyo yaliyokuwa yakiyaziba.

"Hata hiyo kazi alikuwa anafanyiwa," wifi akasema.

Mshonaji akasogeza cherehani, akaweka beseni. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka njiani. Akaketi sakafuni kando ya beseni, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi.

Wifi alimwacha mpaka akatulia, kisha akauliza sukari iko wapi.