Jiwe la Mama Limevuliwa

Jumapili ile Salha alipolitosa baharini jiwe la kusagia la marehemu mama yake, hakulia. Alilia njiani akirudi, akasingizia jua.

Angefanyaje? Wando wake, uzio wa makuti ya mtende wa kunasia samaki aliorithi kwa mama katika bahari ya visiwa vya Kerkennah, msimu mzima ulikuwa umempa pweza wanne, tena wamekonda. Kuna mashua iliyokuwa ikijipenyeza kwenye eneo la hifadhi na wavu wa kukokota, ikikwangua nyasi za chini wanakozaliana samaki. Msimu mmoja zaidi wa namna hiyo na Salha angeuacha wando, ahamie mjini Sfax kwa binti yake, ghorofa ya nne, bahari akaitazame kwenye kalenda. Kushtaki kwa walinzi wa pwani hakuwezekani: kisiwani wote ni ndugu, na anayemshtaki ndugu hapewi hata chumvi. Ndipo kamati ya kijiji ikakata shauri kila nyumba itose hifadhini kitu kizito, kwa siri, wavu ukwame wenyewe. Jiwe halina ukoo, wakasema.

Aliyeshangilia kuliko wote alikuwa Mongi, mdogo wake Salha. "Wakipatikana hao, nitawanyoa ndevu mimi mwenyewe!"

Alhamisi Wassila, mke wa Mongi, akamwalika Salha kuskusi. Salha alikuwa akinawa uani alipoliona jiwe juu ya kifuniko cha pipa la maji. Lilikuwa na tundu katikati, na ubavuni samaki wa kuchorwa kwa msumari, macho yote mawili upande mmoja. Mongi alimchora akiwa na miaka saba, akala kofi la mama lililosikika mpaka msikitini.

"Wifi, jiwe zuri! Mmelitoa wapi?"

"Kalileta Mongi juzi. Kanunua soko la Sfax."

Salha akaingia, akaketi mbele ya mdogo wake.

"Mongi, ndevu zako nizinyoe kwa wembe, au kisu cha samaki kinatosha?"

Kijiko cha Mongi kikasimama hewani. "Dada, kula kwanza. Kinapoa."

"Na wavu umechanika kiasi gani?"

Wassila aliangua kicheko, kisha akaelewa, akaziba mdomo kwa kiganja. Mongi akatazama sahani. "Katikati yote."

"Mjinga wewe, si ungelitupa palepale! Nani angejua?"

"Ningelitupaje, dada? La mama lile."

Salha alikuwa na matusi ya wiki nzima mdomoni. Yote yakamwishia. Akavuta sahani, akachagua mkono wa pweza ulionona, akautafuna taratibu.

"Kesho adhuhuri utalirudisha, watu wakikuona. Na wavu nauchukua, kuku wangu hawana banda."

"Sawa." Mongi akakuna kidevu. "Kuna mawe mangapi mle chini?"

"Nyumba arobaini. Wewe unalijua langu tu."

Kesho yake Mongi alisimama mashuani mbele ya kijiji kizima, akalibusu jiwe, akalitosa. Dada alikuwa kando yake. Walirudi nchi kavu macho mekundu wote wawili, kila mmoja akilaumu jua.