Sauti ya Verlie Kwenye Simu ya Upepo

Januari ile mto ulijaa mapande ya barafu makubwa kama vyumba, na vivuko viwili vya kwenda Lévis, mji wa ng'ambo, vilikuwa vinajikokota. Mimi nilikuwa zamu ya geti, upande wa Quebec, huku Kanada tunakosema Kifaransa, nikipokea tiketi.

Mama mmoja akanijia mbio, umri wake sitini na kitu, kavaa koti jepesi lisilojua baridi yetu. Akaanza kunimwagia Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, nikaambulia neno moja tu: dada. Nikamwomba aseme polepole. Akasema kwa haraka zaidi. Abiria walikuwa wakipita, kila mmoja na safari yake, na mwenzangu ajuaye Kiingereza alikuwa nyumbani na mafua.

Mwishowe akashika chuma cha geti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na yakamtoka maneno ya Kifaransa, kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri kosa.

"Dada yangu amepotea. Ana kisukari, na hajala tangu asubuhi."

Kilikuwa Kifaransa cha zamani, kile alichokuwa akiongea bibi yangu mzaa mama jikoni kwake. Nilikielewa chote. Nikamuuliza dada yake amevaaje. Kofia nyekundu, akasema, na jina lake Ozite. Alimwacha kwenye benchi akaenda kutafuta kahawa. Aliporudi, benchi tupu.

Kivuko kilikuwa kimeondoka dakika kumi zilizopita. Nikachukua simu ya upepo, nikamwita Rosaire, baharia wa kivuko hicho, nikamwambia atazame ukumbini mwa abiria. Mama yule alisimama karibu yangu. Sikumbuki nimewahi kungoja jibu kwa muda mrefu namna ile.

"Gaétan," Rosaire akajibu, "mwenye kofia nyekundu tunaye. Alifuata watu akidhani ni foleni ya choo. Amekula nusu ya mkate wangu na supu yangu yote, na sasa anawasimulia watu habari za mamba."

Nikamkalisha yule mama kwenye kiti changu, nikamshikisha simu, nikamwonyesha pa kubonyeza.

"Ozite," akasema, kwa Kifaransa kile kile, "kaa hapo hapo. Usishuke."

Ikaja sauti ya kikongwe: "Nani huyo anaongea kama marehemu mama?"

"Ni mimi. Verlie."

Baadaye Rosaire aliniambia kwamba bibi yule alimrudishia simu, akavua kofia, akajifunika nayo uso.

Barafu iliwazuia, kwa hiyo tulingoja karibu saa nzima, na Verlie akanieleza. Walitoka Louisiana, nchi ya mabwawa na mamba kusini kabisa mwa Marekani, ambako Kifaransa kilikuwa lugha ya nyumbani kwao. Siku yake ya kwanza shuleni aliomba ruhusa ya kwenda haja kwa lugha pekee aliyoijua. Kifaransa kilikuwa kimekatazwa shuleni, na mwalimu alimpigisha magoti mpaka akajikojolea mbele ya darasa. Tangu siku hiyo hakukisema tena, hata na dada yake, hata kwa wanawe. Safari hii ilikuwa matakwa ya Ozite. Yeye alikuja kwa shingo upande, na kwa siku tatu alikuwa akiagiza chakula kwa kunyoosha kidole.

"Niliogopa mtanicheka, mwanangu," akasema. "Nyinyi ndio wenye lugha."

"Mama, sisi wenyewe watu wa Paris wanatucheka," nikamwambia. "Umeongea nikamsikia bibi yangu."

Akacheka, akafuta pua kwa glavu.

Kivuko kilipotia nanga Ozite alitangulia kushuka, kashikwa mkono na Rosaire, mashavu mekundu, mzima kabisa. Verlie akamfuata mpaka kwenye ngazi na kuanza kumkemea kwa Kifaransa cha mama yao, kwa nini aliondoka, kwa nini hana akili, na Ozite akawa anamwangalia tu huku anatabasamu.

"Endelea," akamwambia. "Nigombeze tena."

Nikawafungulia geti la pembeni. Walipanda kilima kuelekea mjini wameshikana viwiko, taratibu kwa ajili ya utelezi, na Verlie alikuwa bado anagomba.