Kopo la Lwakhakha

Mwaka wa 2005 Nabwile alikuwa mwalimu wa jiografia huko Bumula. Jumamosi moja kila mwezi alipanda hadi Kitale kukutana na kikundi cha watu waliopenda mchezo mmoja: mtu anaficha kopo mahali, anatoa namba za pale, na wenzake wanalitafuta kwa GPS, mashine ndogo za mkononi zinazosoma mahali kwa setilaiti. Mwenyekiti wao alikuwa Rahab, karani mstaafu. Bingwa wao alikuwa Kagwe, muuza mbegu mwenye mdomo mrefu.

Mwezi wa Machi mradi mmoja wa kupanda miti uliomba kikundi kitoe mtu wa kuwafundisha maofisa wake kutumia GPS. Rahab akasema atakayeliona kopo kwanza siku hiyo ndiye atakayekwenda. Kabla hawajaanza, Kagwe akamnyooshea Nabwile mkono.

"Leta hiyo kitu nikuwekee betri mpya, mwalimu."

Akaichukua GPS yake, akageuka upande, akairudisha akitabasamu.

Nabwile alizunguka kwa muda wa saa tatu katika shamba la mahindi. Kopo lilikuwa ng'ambo ya barabara, zaidi ya mita mia tatu kutoka pale mashine yake ilipomsimamisha. Kagwe alikuwa amelipata kwa dakika ishirini, na kazi ya mradi ikawa yake. Walipokaa kunywa soda akaanza kuiga Kiswahili cha watu wa Bungoma, kwao Nabwile.

"Ati latituto imepotea! Longituto nayo imeenda kwao Pumula!"

Watu wakacheka. Hata Rahab alifunika mdomo kwa leso. Nabwile akamaliza soda yake, akarudisha chupa kwenye kreti, akaenda kupanda gari.

Jumatatu alisimama chini ya mlingoti wa bendera shuleni. Namba za mlingoti ule alikuwa ameziandika daftarini tangu mwaka uliopita. Sasa mashine ilitoa nyingine kabisa, tofauti ya mita mia tatu. Akafungua kurasa za ndani, moja baada ya nyingine, mpaka akafika pale panapochaguliwa kipimo cha ramani. Kilikuwa kimebadilishwa, kimewekwa kile cha ramani za zamani za Kenya, kinachosogeza kila namba. Yeye hakuwahi kugusa ukurasa ule. Betri zilizokuwemo ndani zilikuwa zake zilezile, za zamani.

"Kagwe," akasema peke yake. "Utanijua."

Akaomba yeye ndiye afiche kopo la Agosti, na Rahab akakubali. Likizo ilipofika alikwenda Lwakhakha, mpakani na Uganda, mara nne. Alichagua mwamba mkubwa karibu na mto, wenye miti juu yake, kwa sababu alijua mahali kama pale mawimbi ya setilaiti hugonga jiwe na majani, yakafika kwenye mashine yamepotoka. Kila alipofika aliiweka GPS juu ya jiwe, uso ukitazama mbingu, akakaa mbali nayo, akasubiri robo saa nzima kabla ya kuandika chochote. Asubuhi aliandika, mchana akaandika tena. Mwishowe akazijumlisha namba zote na kutafuta wastani wake. Hakutaka kumdanganya Kagwe hata kwa hatua moja. Alitaka namba zake ziwe za kweli, halafu Kagwe aanguke kwa miguu yake mwenyewe. Alimjua: huwa anakimbia, mashine inaning'inia kiunoni, hangoji.

Siku ilipofika Kagwe alitangulia mbio. Baada ya saa mbili alikuwa amefukua majani pande zote za mwamba, shati limejaa miiba. Wengine nao hawakuona kitu.

"Hizi namba ni takataka!" akapiga kelele. "Huyu mama hajui kupima, bana. Si niliwaambia?"

"Nipe mashine yako," Nabwile akasema.

"Yangu?"

"Yako. Usije ukasema yangu ina uchawi."

Akailaza juu ya jiwe mbele ya watu wote. Wakasubiri dakika kumi na tano. Kagwe alitembea huku na huku, akikohoa. Kisha Nabwile akaiinua, akaishika mbele yake mbali na kifua, akaenda polepole hadi ilipomwambia amefika. Akahesabu hatua tatu hadi kwenye mwamba, akaingiza mkono kwenye ufa, akatoa kopo.

"Fungua, mwenyekiti. Soma kwa sauti."

Ndani mlikuwa na ukurasa wa daftari. Rahab akasoma namba za mlingoti kabla ya Machi, namba za baada ya Machi, jina la kipimo kilichobadilishwa, na mstari wa mwisho: *Aliyeishika mashine yangu siku hiyo ni Kagwe peke yake.*

Wote wakamgeukia.

"Ah, si ilikuwa mchezo tu!" Kagwe akasema. "Mtu hawezi kutaniwa?"

Akajisikia mwenyewe alivyosema; alikuwa amekiri.

Rahab aliuandikia mradi barua wiki hiyohiyo, na kazi ya kufundisha ikahamia kwa Nabwile. Kagwe akaondolewa kikundini. Mwezi wa Septemba alisafiri hadi Bumula, akamsubiri Nabwile langoni mwa shule akiwa na mfuko wa mbegu bora za mahindi.

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha. Tuyamalize."

Nabwile aliutazama mfuko wa mbegu. Alitegemea hasira yake iwe imepungua. Haikuwa imepungua.

"Ulinicheka mbele ya watu kumi na mmoja," akasema. "Waite wote, uniombe msamaha mbele yao. Hapa tuko wawili tu."

Akaingia darasani, akamwacha amesimama na mfuko wake.