Mazoezi ya Kwenda Hotelini

Mume wangu ni mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi wake humwita Filimbi, kwa sababu filimbi haimtoki shingoni hata akienda kunyoa, na mimi nyumbani nimeliazima jina hilo bila kuwaomba. Kwa hiyo aliposema mwaka huu tutapumzika mjini, siku mbili hotelini, familia nzima, nilifurahi kwa nusu saa tu. Baada ya nusu saa alikuwa ameshachukua rula.

Mimi ni muuguzi wa chanjo. Nashinda nimesimama. Watoto wa watu wakiniona wanalia, na nikirudi nyumbani wa kwangu wakiniona wanaomba chakula. Nawapenda wote, wa sindano na wa sahani. Lakini kwa likizo hii nilikuwa na ombi moja, nikalisema wazi mezani mbele ya mashahidi: nataka kukaa kitini, nile chakula kikiwa bado cha moto, tangu tonge la kwanza mpaka la mwisho, bila mtu kuniita. Makumbusho sitaki. Bwawa la kuogelea sitaki.

"Limepokelewa," alisema Filimbi, akaliandika, akalipigia mstari.

Mambo yaliharibika katika chumba cha walimu. Mwalimu mkuu alikuwa ametoka hotelini na wanawe, na sifa zao zikamtangulia. Walibonyeza vitufe vyote vya lifti mpaka mzee mmoja wa ghorofa ya nane akaamua kushuka kwa ngazi. Walipaka siagi kwenye kioo. Mmoja alirudi nyumbani na taulo la hoteli kalificha ndani ya shati. Filimbi alinisimulia huku jasho linamtoka, utadhani taulo lilikutwa ndani ya shati lake.

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Hawa wangu watakwenda hotelini wakiwa wanaijua hoteli."

"Wataijuaje kabla ya kwenda?"

"Mazoezi, mama watoto. Mazoezi."

Jumamosi ya kwanza niliamka nikakuta milango yote imebandikwa karatasi. Chumba cha watoto kilikuwa namba 501, chetu 502. Choo kilipewa jina la Ukumbi wa Mikutano, na kwa muda anaokaa yeye humo, sikuona la kubisha. Ubao wa kupigia pasi ulikuwa mapokezi. Lifti ilikuwa kabati letu la nguo.

Watoto walipangwa mstari mbele ya kabati. Binti yetu mkubwa ana miaka kumi na minne na uso wa mtu aliyekosewa tangu kuzaliwa. Wa pili, kaka mtu, ana kumi na moja. Wa mwisho ni Kitinda, kitinda mimba wetu, msichana wa miaka sita ambaye huuliza swali mpaka ajibiwe. Waliingia wote watatu, Filimbi akafunga mlango, akahesabu ghorofa ya kwanza mpaka ya tano, akapuliza filimbi, akafungua. Kitinda alitokeza ghorofa ya tano na suruali ya baba yake shingoni.

"Lifti inanuka dawa ya mende," akasema.

"Mgeni mstaarabu hatoi maoni juu ya harufu ya lifti. Rudini chini, tuanze upya."

Nilikuwa nimesimama mlangoni natazama. "Na mimi ni nani hapa?"

"Wewe ni wahudumu."

"Wahudumu wangapi?"

"Wote."

Basi nikawa wote. Nilipokea mizigo, nikatandika 501, nikatandika 502, nikachemsha chai, nikakaanga mayai, nikakata mkate na mapapai, nikapanga meza ya kujihudumia ambayo hakuna aliyejihudumia. Kisha nikasimama ukutani na kitambaa mkononi. Filimbi, mgeni mashuhuri, aliwaonyesha watoto namna ya kumwita mhudumu: kidole kimoja juu, tabasamu, bila kelele. Alionyesha mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nilikwenda. Walipomaliza walisimama, wakasema kwa pamoja, "Ahsante, mhudumu," wakaondoka na kuacha vyombo mezani, maana mgeni haoshi vyombo.

Kitinda alisahau kiatu. Aliporudi kukitafuta alinikuta jikoni nimeegemea sinki, natafuna kingo za mkate walizobakiza.

"Mhudumu, mbona unakula umesimama?"

"Wahudumu ndivyo tunavyokula."

"Saa ngapi?"

"Wageni wakishamaliza."

Alifikiri kidogo. Kisha akaenda zake, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Jumamosi ya pili ilikuwa ile ile, ila mgeni wa 502 alilalamika kwamba chai imepoa. Nilikasirika, sifichi. Sijapata kuona mtu anaongezewa kazi mara tatu kwa sababu anaandaliwa kupumzika. Jumamosi ya tatu nilimkabidhi mgeni huyo ufagio.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nikamwambia. "Jembe hatuna."

"Methali hiyo haihusu hoteli," akajibu, akausimamisha ufagio kando ya mapokezi. Tangu hapo ukawa mlinzi wa getini, na watoto wakaagizwa kuusalimu kila wakipita. "Vumilia, mke wangu. Ombi lako limo kwenye ratiba. Tazama."

Nilitazama. Siku ya pili, kati ya kupiga mswaki na basi la makumbusho, palikuwa na mstari ulionyooka vizuri: *Saa 1:30 hadi 1:50, Mama anakula (amekaa).*

Dakika ishirini. Watoto wa kliniki yangu hupewa nusu saa wapumzike baada ya sindano.

Siku ikafika, tukaenda. Siwezi kusema watoto walituaibisha. Walimwamkia mpokezi kwa sauti moja, wakamsalimu mlinzi, mlinzi wa kweli, ambaye hakuamini masikio yake. Lifti ilipofunguka waliingia kwa mstari, na Kitinda akaziba pua kabla mlango haujafungwa. Binti mkubwa alitembea hatua kumi mbele yetu kama mtu asiyejua watu hawa wametoka wapi. Filimbi aling'aa kwa fahari. "Unaona?" aliniambia kila baada ya dakika tano. "Unaona matunda ya mazoezi?"

Kesho yake, saa moja na nusu, tulishuka kula. Hii ndiyo asubuhi niliyokuwa naingoja. Ukumbi ulikuwa na vitambaa vyeupe, dirisha refu linalotazama barabara, na masinia yanayofuka mvuke. Filimbi aliweka ratiba kando ya chumvi, saa yake juu ya ratiba. Nilikaa. Nakumbuka vizuri kwamba nilikaa.

Kisha Kitinda alihitaji kukatiwa mkate. Kaka mtu akataka juisi, akaimwaga, akataka nyingine. Binti mkubwa hakutaka kitu, lakini alitaka nimwulize. Filimbi naye, kwa mazoea tu, akanyanyua kidole kimoja, na tabasamu, bila kelele, nami nikamjazia chai.

"Zimebaki dakika nane," akasema.

Mhudumu wa hoteli, msichana wa sare ya kijani, alikuja kuondoa vyombo. Kitinda alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Dada, nyinyi mnakula saa ngapi?"

"Wageni wakishamaliza, mdogo wangu."

"Mmesimama?"

Msichana akacheka. "Siku za watu wengi, ndiyo."

"Mama pia. Tafadhali, mwombee ruhusa kwa bosi wake akae leo. Chai yake inapoa."

"Bosi wake ni nani?"

Kitinda akanyanyua kidole. Kimoja, na tabasamu, bila kelele, kama alivyofundishwa. Akakielekeza kwa baba yake.

Meza ya jirani iliacha kutafuna. Hapo ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimesimama ukutani, birika mkononi, kitambaa cha kufutia meza kimelala juu ya mkono wangu. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimejipeleka mwenyewe mpaka mahali pangu pa Jumamosi, nikasimama, na sikujua. Iliniuma sana, na zaidi iliniuma kwamba mtoto wa miaka sita aliliona kabla yangu.

Filimbi aliisogeza saa yake pembeni. Akaitazama ratiba juu mpaka chini.

"Hili hatukulifanyia mazoezi," akasema polepole.

Akasimama, akanipokea birika, akanivutia kiti chake. Akaenda kwenye masinia, na huko alizunguka kama mtu aliyepotea sokoni, kisha akarudi na mayai mawili, mkate, na kikombe cha chai kinachotoa mvuke. Akashika kijiko cha sukari kikamganda hewani.

"Vijiko vingapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Tuna miaka kumi na mitano ya ndoa.

"Viwili," nikamwambia.

Saa moja na dakika hamsini ilifika. Kaka mtu alikuwa ameshanyoosha mgongo kusubiri filimbi. Baba yake aliishika, akaitazama, akaivua shingoni na kuitia mfukoni.

"Kaeni," aliwaambia watoto. "Mgeni hajamaliza."

Yeye hakukaa. Alibaki amesimama pale ukutani, hajui mikono aiweke wapi. Basi la makumbusho lilipita dirishani. Mayai yalikuwa yamezidi chumvi na chai iliniunguza ulimi, nami nilikula mpaka mwisho, nimekaa. Kisha nikanyanyua kidole kimoja, bila kelele, nikaagiza yai jingine. Sikuwa na njaa.