Tumboni mwa Mheshimiwa

Ieleweke mapema kwamba Sylus hakuwa mwizi wa maji. Alilieleza jambo hilo yeye mwenyewe, kwa ufasaha mkubwa, akiwa ameshika mpira wa maji nyuma ya jiko la chuo, ingawa hakuna aliyemwuliza. Maji hayaibiwi, huhamishwa tu. Yalikuwa ndani ya tangi, sasa yatakuwa ndani ya miguu ya ndovu. Sherehe ikiisha yatarudi tangini, na hakuna tone litakalojua kwamba lilisafiri.

Ndovu mwenyewe alikuwa wa chupa. Klabu ya Mazingira ilikuwa imeokota chupa za plastiki stendi ya Voi, kando ya reli na katika kila mtaro kati ya mji na lango la chuo. Wakazifunga kwa kamba za katani juu ya mifupa ya fito na waya wa kuku, mpaka akasimama mnyama mrefu kuliko mlango wa bwalo. Wanafunzi walimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa mkubwa, alimeremeta, ndani alikuwa mtupu, na tangu aje hakuwa amefanya kazi yoyote. Tumboni alikuwa na kijimlango cha kuingilia mafundi. Miguu yake ilikuwa madumu yaliyopangwa moja juu ya jingine, na madumu hayo yalitakiwa yajazwe mchanga, maana upepo wa Voi kabla ya mvua za vuli hauna adabu. Huezua paa la kanisa watu wakiwa katikati ya sala.

Mchanga ulikuwa mtoni. Mto ulikuwa mkavu, tena mbali, na jua lilikuwa pale pale lilipo siku zote. Aliyepewa kazi ya mchanga alikuwa Sylus. Tangi lilikuwa karibu.

"Umejaza miguu?" Mumbe, mwenyekiti wa klabu, alimwuliza mchana wa Siku ya Mazingira.

"Imejaa hadi shingoni, mwenyekiti."

"Nakujua wewe. Ukiniletea ujinga leo nitakufunga kwa hii katani na nikuache hapo ukauke kama omena."

"Mumbe, mimi ni mtu wa Makwasinyi. Nimekulia kwa mchanga. Utanifundisha mchanga?"

Ieleweke kwamba katika maneno hayo hamkuwa na uongo hata mmoja.

Hata hivyo alikuwa na sababu ya kuogopa. Muhula uliotangulia alikuwa amempanga mbuzi kwenye foleni ya usajili, kitambulisho cha mwanafunzi shingoni, na karani akafika mpaka kumwuliza mbuzi anasomea nini. Dkt. Wamalwa, mkuu wa wanafunzi, hakucheka. "Kijana," alisema, "mama yako ameuza mbuzi wake wote ili usome, na wewe unamsajili wa mwenzako. Upuuzi mmoja tu zaidi, mmoja, na utapanda basi la Kasigau urudi kwenu na sanduku lako." Barua ya kumfukuza iliandikwa siku hiyo hiyo, ikawekwa kwenye droo, ikabaki kungoja tarehe.

Mtu mwenye busara angetulia. Sylus aliingia tumboni mwa Mheshimiwa na vuvuzela.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mgeni wa heshima, bwana mmoja kutoka afisi za kaunti, angesimama chini ya bango lililoandikwa HIFADHI KILA TONE, na hotuba ikinoga, ndovu wa chupa angelia. Basi. Mbele ya Mheshimiwa viti vilikuwa vimejaa. Nyuma yake kulikuwa na ua wa waya, na ng'ambo ya ua ardhi nyekundu iliyoenda moja kwa moja mpaka mbuga ya Tsavo, bila jani la kijani. Vifuniko vya madumu vilikuwa vimepotea zamani, kwa hiyo Sylus alikuwa ameziba midomo ya madumu kwa magunzi ya mahindi. Magunzi yalivuja kidogo. Alikuwa ameliona hilo, akasema moyoni kwamba kuvuja kidogo hakujawahi kumdhuru mtu.

"Ndovu ni jirani yetu," mgeni alisema kwenye kipaza sauti, "na jirani akija kubisha hodi..."

Sylus alipuliza kwa pumzi zake zote.

Kwanza pakawa kimya. Alitabasamu, kwani kicheko kikubwa huanza hivyo. Kisha kiti kimoja kikaanguka. Kisha viti vingi. Mtu alipiga yowe, kipaza sauti kikalia kama paka aliyekanyagwa, na miguu ikatimka kuelekea bwaloni. Sylus alijua ana kipaji, ila siku zote alikuwa amekidhania cha kawaida.

"Rudini basi," alinong'ona kwa unyenyekevu. "Ni mimi tu."

Hakuna aliyerudi. Badala yake mwanga ukapungua.

Chupa za upande wa kushoto, ambazo jua la jioni lilikuwa likipita ndani yake kwa kijani na buluu, ziligeuka nyekundu. Wekundu ule ulisogea. Ulikuwa na mikunjo. Ulipita polepole kama ukuta ulioamua kutembea, na haukutoa sauti yoyote, hata ya jani kavu.

Halafu ukasimama. Kati ya chupa mbili palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja, na nafasi hiyo ilijaa jicho. Lilikuwa na rangi ya asali, na kope ndefu zilizoshika vumbi. Halikumtazama kwa hasira wala kwa huruma. Lilimtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyemkuta kabatini.

Kwao Makwasinyi, ndovu alikuwa sauti ya mahindi yakivunjika gizani, na mama yake akigonga sufuria na kutukana. Sylus hakuwa amewahi kumwona wa karibu hivi, kwa sababu wa karibu hivi hawaonwi, hukimbiwa. Sasa pa kukimbilia hapakuwepo. Alisikia mngurumo, akausikia kwa mbavu kabla ya masikio, na chupa zote za Mheshimiwa zikatetemeka nao kama kwaya inayotafuta sauti.

Mkonga uliingia kupitia kijimlango. Ulimpapasa goti, ukapanda kifuani, ukafika shavu la kushoto, ukatulia hapo. Ncha yake ilikuwa na unyevu na matope. Pumzi yake ilikuwa ya moto, yenye harufu ya magome na ya safari ndefu. Kisha ukaitwaa vuvuzela mkononi mwake, kama mwalimu wa zamu, ukaitoa nje na kuiweka chini. Haukuitupa. Uliiweka.



Ndovu alikuwa jike, mkubwa wa kundi dogo lililokuwa limelaza ua wa waya na kupita. Hawakuja kwa ajili ya hotuba. Alilitoboa dumu la mguu wa mbele kwa ncha ya pembe, taratibu, maji yakachuruzika, naye akarudi nyuma hatua moja. Alimwachia ndama. Ndama hakujua bado kuutumia mkonga wake. Alipiga magoti akanywa kwa mdomo, akijimwagia masikio, na wakubwa wote wakasimama na kiu yao wakimngoja.

Mguu wa pili ukafuata. Wa tatu. Ndipo Sylus akakumbuka mchanga ulikuwa wa kazi gani.

Mheshimiwa alianza kuwa mwepesi. Upepo uliposhuka kutoka milima ya Sagala ulimkuta hana kitu miguuni, ukamwinua upande mmoja. Fito zililia. Katani zikakatika moja moja. Chini, upande wa kuangukia, Sylus aliona mgongo mdogo wa ndama, na akaelewa vizuri sana kitakachofanywa na mama yeyote kwa kitu kitakachomwangukia mwanawe.

Aliinama, akafumba macho.

Mheshimiwa hakuanguka. Sylus alipofumbua, jike alikuwa ameegemeza paji lake kwenye ubavu wa chupa, mkonga umepita chini ya tumbo, kama ndovu wafanyavyo kwa mwenzao mgonjwa asiyeweza kusimama. Alimshikilia Mheshimiwa pamoja na upuuzi wote uliokuwa ndani yake. Alishikilia mpaka ndama akashiba, na wenzake wakanywa, na upepo ukapita. Kisha akamlaza kwenye nguzo ya bango, akageuka, wakaenda. Wekundu wao uliingia katika wekundu wa ardhi mpaka usingejua ni kipi kilichokuwa kikitembea.

Sylus alitambaa nje. Dkt. Wamalwa naye alitambaa kutoka chini ya meza ya wageni, kitambaa cha meza mabegani kama shuka. Aliyatazama madumu. Akayatazama matope.

"Mchanga wa mto gani huu unaomwagika?"

"Ni maji ya tangi, Daktari. Yote."

"Najua ni ya tangi. Wiki nzima nimeoga kwa kikombe." Aligeuka, akatazama kule walikoenda ndovu. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikushikilia. Nimeona kwa macho yangu."

"Ndiyo, Daktari."

"Mama mzima amekushikilia usianguke. Mimi nitakuangushaje?" Alijikung'uta magoti. "Lakini mchanga utaubeba. Kwa karai. Tena kesho."

Mumbe alifika mbio na kamba ya katani mkononi. Alimtazama Sylus, akasahau kamba ilikuwa ya nini. "Sema kitu basi," alimwambia. "Aki unaniogopesha." Sylus aliokota vuvuzela, akampa.

Jioni hiyo aliokota chupa na kamba na vifuniko pamoja na wengine, bila mzaha hata mmoja. Alimpigia mama yake simu, akamweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mahindi yangu, ulimwuliza?"

Ieleweke, kwa kumalizia, kwamba Sylus hakunawa shavu la kushoto mpaka matope yalipodondoka yenyewe. Aliyeuliza alijibiwa kwa sauti ya heshima kwamba maji ni haba, na kila tone lihifadhiwe.